Kioo Kisichoona Nyekundu

Dodoma, alasiri, kabla ya safari yako

Mwanangu Danieli,

Salamu sikuandikii, maana mchana huu umekula ugali wangu na mlenda wangu, na afya yangu umeiona mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu jana tulishindana, na mimi nikishindana na wewe nusu ya maneno nayasahau na nusu nyingine nalia. Sasa umekwenda Ihumwa kumuaga mjomba wako. Jua bado lipo, nimekaa mlangoni, naandika herufi kubwa kama za mtoto anayeanza darasa la misheni, kwa kuwa ndogo sizioni tena. Ukitaka kucheka, cheka, lakini usome mpaka mwisho kabla hujalala.

Jana ulisema, "Mama, hilo gari la moshi liende. Mimi siondoki."

Nikakuuliza una nini. Ukasema, "Nani atakuongoza kisimani? Nani atakung'oa kope?"

"Kisima kile nilikijua kabla sijamjua baba yako," nikakujibu. "Na kope, Matika ataning'oa."

"Matika ni mtoto, mama."

"Dada yako ana mkono mwepesi kuliko wako. Wewe unang'oa kope kama mtu anayeng'oa kisiki."

Hukucheka. Ulipiga magoti ukaanza kufungua kamba za sanduku nililolifunga mwenyewe, na mimi nikakasirika. Baadaye, ulipotoka, niliona haya, kwa sababu ndani ya hasira ile kulikuwa na furaha. Ndiyo, nilifurahi. Mama gani asiyefurahi mtoto wake akisema habanduki? Furaha hiyo ndiyo inayoniogopesha, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Tuseme mambo kama yalivyo. Bwana Miwani, mpiga picha wetu, anahamia Tabora kwa kuwa reli imefika huko na kazi imemfuata, na katika vijana wote aliowahi kuwafundisha amekutaka wewe. Macho yangu nayo yanaondoka. Kope zinageukia ndani na kukwangua jicho, ugonjwa uleule wa wanawake wengi wa huku kwetu penye vumbi na nzi. Ukibaki hayatarudi. Ukienda hayataondoka haraka zaidi.

Sitakuandikia ule nini wala ulale wapi, akili hizo unazo. Nataka kukusimulia habari za mwanga. Ndiyo kazi yako, na mimi karibu yote ninayoyajua juu yake niliyajua kwa kuyakosea kwanza.

Ulipougua surua ulikuwa mdogo mno, sidhani kama unakumbuka. Tulikuwa bado Chamwino, kwenye tembe ya babu yako. Nilikulaza chumba cha ndani kabisa, giza tupu, maana wazee walisema mwanga unaharibu macho ya mgonjwa wa surua. Asubuhi moja ukapiga yowe. "Mama! Ng'ombe wanatembea kichwa chini!" Nikaingia mbio, na kweli. Ukutani, juu ya mahali ulipolala, ng'ombe wa babu yako walikuwa wanapita, wadogo kama panzi, miguu juu, ardhi ikiwa juu na mbingu chini. Nikajua tumerogwa. Nikakuzoa wewe na ngozi uliyolalia, nikatoka kama mwizi, mimi niliyebatizwa na kusoma.

Nilirudi peke yangu baadaye, kwa udadisi tu. Nikaona kwenye ukuta wa mbele tundu dogo, kijiti kimechomoka kwenye udongo. Nikaliziba kwa kidole, ng'ombe wakatoweka. Nikatoa kidole, wakarudi na kwato zao juu. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka nikakaa chini. Basi tamaa ikaniingia, nikataka kuwaona vizuri zaidi. Nikachukua kisu nikapanua tundu. Ukuta uling'aa zaidi, ila ng'ombe wakawa mabaka tu, huwezi kujua pembe wala mkia. Nikapanua tena. Wakapotea kabisa, nikabaki na tundu la kupitisha panya, na babu yako akanisema juma zima.

Kamera ni chumba kile, Danieli. Ni giza lenye mlango mmoja mdogo. Miaka mingi baadaye Bwana Miwani alinieleza kwamba kila sehemu ya ng'ombe hutuma mwanga wake kwa mstari ulionyooka. Mwanga wa pembe unashuka, wa kwato unapanda, mistari inapishana tunduni, ndiyo maana mnyama anapinduka. Tundu likiwa dogo, mistari inaingia michache na kila mmoja unakaa mahali pake, lakini picha inakuwa na mwanga hafifu. Tundu likiwa kubwa, inaingia kwa fujo na kuangukiana. Lenzi ni kioo kilichonolewa kwa ajili ya kuikusanya mistari hiyo, ndiyo maana ukiwa nayo unaweza kufungua mlango zaidi na sura isivurugike, mradi uisogeze mbele au nyuma mpaka ifike mahali pake. Hata hivyo tundu pana litakupa mtu mmoja aliye wazi na mlima uliofifia nyuma yake. Ukimtaka mtu pamoja na mlima, punguza tundu, kisha uvumilie.

Hayo unayajua, najua unayajua. Wewe ndiye unayeniuliza siku hizi kama nimesahau. Nayarudia kwa sababu napenda kuyarudia.

Baba yako alipofariki nilihitaji kazi, na Bwana Miwani alikuwa ndiyo kwanza amepanga chumba karibu na stesheni. Jina lake la kwao unalijua, lakini watu wa sokoni walishampa hilo la Miwani na halikumtoka. Alitafuta mtu wa kumwoshea vioo vinavyopakwa dawa ili vishike picha. Nikaenda. Juma la kwanza nikaona kabati lake lina vumbi. Unanijua mimi na vumbi, na Dodoma unaijua. Nikatoa maboksi yote ya vioo vipya, nikayapeleka mlangoni penye mwanga mzuri, nikayafungua, nikafuta kioo kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, nikavipanga upya kwa heshima zote. Nilijisifu mpaka nikaimba.

Bwana Miwani aliporudi akakuta kabati linang'aa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Danieli, umevifungua?"

"Vyote, Bwana," nikasema. "Hakuna hata chembe."

Akakaa chini, pale pale kizingitini, na kofia yake kichwani.

Nilisubiri kiboko. Watu wanachapwa bomani kwa makosa madogo kuliko hilo, unawasikia mwenyewe upepo ukitokea upande huo. Huyu hakunipiga wala hakunipeleka kwa askari. Alipopata nguvu za kusimama aliniita kwenye chumba cha giza, akawasha ile taa nyekundu, akatumbukiza kioo kimoja kwenye dawa. Ulishaona jinsi kioo kinavyofanya, panapopata mwanga panakuwa peusi na pasipopata panabaki peupe, mpaka uje ukigeuze kwenye karatasi. Kile kilikuwa cheusi chote, kona hadi kona. "Hiki kimeona kila kitu kwa mara moja," akaniambia kwa Kiswahili chake cha pwani. "Kwa hiyo hakina kitu." Nililia, naye akaenda kutafuta chai.

Nimekuwa mama wa namna hiyo pia. Ulipoanza kurudi nyumbani kimya, ule mwaka sauti yako ilipovunjika, nilikufungua kwa maswali mpaka lile la mwisho. Ulikuwa wapi, na nani, unafikiri nini. Nilitaka kufuta vumbi. Mambo mengine ya mtu yanataka giza kwanza ndipo yatokee, na mimi niliyaharibu mengi kwa kupenda usafi. Nilijua kazini kwamba kioo hakifunguliwi mlangoni, nikaja kukifungua nyumbani. Unisamehe hilo, baba.

Jambo moja dogo kabla sijasahau. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na kioo kikikauka kinabaki na utando mweupe kama jasho la punda. Nilihangaika na utando huo muda mrefu nikidhani ni mikono yangu. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Maji ya Tabora siyajui, yaonje kwanza.

Na watu, mwanangu. Utapelekwa kupiga picha watu ambao hawakuomba. Nimeyaona hayo bomani, wakati Bwana Miwani alipoitwa na mimi nikabeba maji. Waliwapanga wanaume ukutani saa sita, jua liko utosini. Jua la saa sita huku kwetu linamchimba mtu mashimo mahali pa macho, na kila aliyepigwa picha siku ile alitoka na sura ya muuaji. Mmoja alikuwa muuza asali tu. Askari akamshika kidevu amgeuze, naye akatetemeka, na picha ikatoka imetikisika, ikabidi arudiwe, akashikwa tena. Nilikuwa na ndoo mkononi na ulimi kinywani, sikusema kitu. Wewe utakuwa karibu na kamera kuliko nilivyokuwa mimi. Mweleze mtu kinachotaka kutendeka. Mwambie hiki ni kifuniko, nitakiondoa, nitakirudisha, hakitokei kitu kikakuchoma. Omba asubuhi badala ya saa sita, useme ni kwa ajili ya picha, maana ni kweli pia. Siwezi kukuahidi kwamba watakusikiliza.

Sasa nije kwa bibi yako, mama yangu, ambaye hukumjua sana.

Krismasi moja Bwana Miwani alinipa kioo kimoja. "Piga unayemtaka," akasema. Nilimtaka mama. Nikatuma neno Chamwino, naye akaja kwa miguu, amejipamba kama anakwenda kuozwa. Alikuwa amejipaka udongo mwekundu mpya uliochanganywa na samli, kutoka kwenye nywele mpaka kwenye nyayo, mwili wote unameremeta. Shingoni shanga nyeupe tabaka kwa tabaka, mikononi nyaya za shaba. Akasimama mlangoni kwa Bwana Miwani.

"Mbukwa," akamwamkia kwa salamu yetu, kama vile nyumba ni yake na Mzungu ndiye mgeni. Kisha akaniambia nimtafsirie. "Mwambie nasikia sanduku lake linatunza sura za watu. Hii yangu ailinde vizuri, sina nyingine."

Nilifungua kifuniko mwenyewe, nikahesabu kama nilivyofundishwa, nikakirudisha. Siku ya pili nikatoa picha kwenye karatasi. Shanga zilikuwa safi, unaweza kuzihesabu. Shaba ilikuwa safi. Katikati ya hivyo vyote palikuwa na giza kama kaniki iliyotandikwa, na macho mawili.

Kioo hakioni nyekundu. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko mtu yeyote Dodoma nzima, nikimtoa Bwana Miwani! Kila siku nilifanya kazi kwa taa nyekundu, ambayo haiharibu vioo kwa sababu kwao ni sawa na giza. Mama yangu akaja ameivaa rangi ile mwili mzima, kwa heshima ya picha yangu, na sikufikiri. Mama wa Kizungu hajipaki udongo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kunionya.

Mama alishika karatasi, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Shanga ni zangu," akasema. "Huyu aliyezivaa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi nina uso."

Nikamwambia tuoshe uso, tuombe kioo kingine, tupige tena. "Nikiosha," akasema, "utampiga nani?"

Nilimkasirikia sana. Nilimwona mkaidi, mshamba, ninalia mbele yake na yeye anachagua udongo. Nilikwenda kwa Bwana Miwani kumshtaki mama yangu mzazi, fikiria. Alinisikiliza huku anafuta miwani yake.

"Mama usimlaumu, na kioo usikilaumu," akasema. "Hata kitu chekundu kinatoa mwanga kidogo wa aina ambayo kioo kinaiona. Ni kidogo sana. Fungua tundu lote, mweke penye kivuli chenye mwanga laini, mwangazie kwa shuka nyeupe kutoka ubavuni, kisha kipe muda. Muda mrefu."

"Na shanga?"

"Shanga zitaungua. Zitakuwa zimepata mwanga mara nyingi kuliko zinavyohitaji. Huwezi kupata shanga na uso wake kwenye kioo kimoja, Mama Danieli. Chagua."

Mama akaja tena, na udongo wake mpya. Akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Mimi nilishika shuka, Bwana Miwani akaondoa kifuniko. Mama alikaa muda ambao mtu angeweza kuchekecha unga wa chungu kizima. Nzi alitua mdomoni mwake, akamwacha. Nilimtazama vile, mikono ikiniuma kwa shuka, na nikampenda kuliko siku zote nilizoishi naye, na sikumwambia. Alikaa vile kwa sababu mimi nilimwomba.

Picha hiyo unaijua, ile ambayo watoto wa jirani huuliza kwa nini bibi amevaa wingu shingoni. Shanga zimeyeyuka kabisa. Lakini uso upo, na makunyanzi yake, na kovu la chini ya jicho. Mama aliitazama akasema, "Shanga zimepotea." Akaligusa kovu kwenye karatasi. "Huyu namjua." Masika yaliyofuata hayakunyesha, na njaa ile ikamchukua.

Danieli, tangu jana nataka shanga pamoja na uso. Nataka sauti yako uani asubuhi, na nataka pia uwe mtu wa kazi yako, anayejua kumtazama mwenziwe na kungoja. Nimejaribu kuviweka pamoja na nimeshindwa. Ukibaki, utanishika mkono, utaniongoza kisimani, hutalalamika hata siku moja, nakujua. Na siku moja gari la moshi litapiga filimbi nawe utageuza kichwa, na mimi sitaona ulivyogeuka, ila nitajua. Sitaki kuzeeka nikisikiliza kichwa chako kinavyogeuka. Nimechagua. Naumia na nimechagua, na wewe usinirudishe nyuma, maana sina nguvu za kuchagua mara mbili.

Nakuomba jambo moja tu, na hili ni langu mwenyewe, halimo katika kukushawishi.

Mchana siwezi kukutazama, jua linachoma. Jioni siwezi kukutofautisha na mjomba wako. Lakini asubuhi mapema, kabla vumbi halijaamka, bado napata kitu. Kwanza ni ukungu. Nikitulia, paji la uso linakuja. Nikiendelea bila kupepesa, zinakuja nyusi, pua, mwisho mdomo. Vyote vinakuja, ila polepole. Tatizo ni kwamba siku hizi mnapita mbele yangu mbiombio, wewe na Matika, mnaongea huku mnatembea, na mimi sipati ila mwendo.

Kwa hiyo kesho oga mapema, vaa shati utakalosafiria, ukae kwenye kigoda hapa ndani ya mlango, uso kuelekea nje. Mimi nitakaa nje mbele yako, mgongo kwenye jua. Usiongee. Matika akikutania, usicheke. Machozi yangu yakitoka usiinuke kuyafuta, kope tu hizo, au si kope, vyovyote vile kaa. Itachukua muda mrefu na utaona haya kutazamwa hivyo na mama yako, mtu mzima wewe. Vumilia. Nikishakupata wote nitasema "basi," nawe utainuka, utabeba sanduku lako, utakwenda stesheni.

Huko Tabora watu watakuambia umpelekee mama picha yako. Usinitumie, baba. Nitakuwa nayo.

Ni mimi mama yako,
hapa mlangoni.